Mikia ya Kilatini kwenye maneno ya Kiingereza: lini "-ant" na lini "-ent"? Lini "-able" na lini "-ible"?

Mama Prufu

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni msoma prufu, huu ni mwaka wa 11. Napitia maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza kabla hayajaenda kuchapwa. Kiswahili hakinisumbui. Kinachonisumbua ni mikia ya maneno ya Kiingereza.

Nina daftari lenye safu nne: "-able", "-ible", "-ant", "-ent". Kila nikikosea neno naliandika kwenye safu yake. Safu ya "-ible" sasa imeingia ukurasa wa tatu, na nikifunga daftari kichwani hakibaki kitu.

Wiki iliyopita nilipewa fomu ya bima. Ndani yake "dependant" imeandikwa mara tatu, ikimaanisha mtu anayemtegemea mwenye bima. Nikazibadilisha zote tatu kuwa "dependent". Mhariri akazirudisha zote, na pembeni akaandika neno moja tu: "Nomino." Kurasa mbili mbele palikuwa na "dependent on", nayo hakuigusa. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Neno moja, herufi moja imebadilika, na mimi ambaye kazi yangu ni herufi sikujua sababu.

Nimesikia kwamba mikia hii imetoka Kilatini. Sasa naomba anayejua anieleze: je, ina maana yoyote, au ni mapambo? Na kama Kilatini ndicho chanzo, mbona Kiingereza kinakuwa na mikia miwili kwa kazi moja? Sitaki orodha nyingine, ninazo za kutosha. Nataka kuelewa.

Nukta na Mkato

Dada, kwa hiyo fomu mhariri wako yuko sahihi kwa tahajia ya Uingereza: mtu ni "dependant", sifa ni "dependent". Marekani kwa kawaida wanaandika "-ent" kote kote. Kwa hiyo kabla hujaanza kazi yoyote uliza kwanza mteja anataka tahajia ipi, uiandike juu ya ukurasa wa kwanza. Sababu yenyewe nawaachia wazee wa lugha.

Mzee wa Kamusi

Mama Prufu, nimefurahi kwamba umeuliza sababu na hukuomba orodha. Nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Nilisoma Kilatini miaka 6, zamani sana, kwa mwalimu aliyetuamkia kila asubuhi kwa mnyambuliko wa vitenzi: amo, amas, amat, darasa zima kwa sauti moja. Faida yake niliiona baadaye nilipoanza kufundisha Kiingereza, nikagundua kwamba maswali ya wanafunzi wangu kuhusu tahajia yalikuwa yamekwisha kujibiwa kwenye ile nyimbo yetu ya asubuhi.

Tuanzie nyumbani. Chukua soma, sema, vunja, pita. Vitie kwenye kauli ya kutendeka: someka, semeka, vunjika, pitika. Je, umewahi kuwa na daftari lenye safu ya "-eka" na safu ya "-ika"? Hujawahi, wala huhitaji. Sikio lako linajua kwamba shina lenye e au o linavuta "-eka", na lenye a, i au u linavuta "-ika". Anayetengeneza safu ni mgeni anayejifunza Kiswahili.

Mrumi alikuwa kama wewe. Kiambishi chake cha kazi hiyohiyo kilikuwa "-bilis", na irabu iliyokitangulia ilitoka kwenye kitenzi. Tofauti ni kwamba kwetu sauti ya shina ndiyo inayoamua, kwake liliamua kundi la kitenzi. Vitenzi vya Kilatini viko katika makundi manne, na kundi la kwanza linabeba a: portare ni kubeba, habitare ni kukaa mahali. Ndipo wakasema portabilis, kinachobebeka, na habitabilis, panapokalika. Vitenzi vya makundi mengine viliishia kwenye i: audire ni kusikia, kikazaa audibilis, kinachosikika, legere ni kusoma, kikazaa legibilis, kinachosomeka. Kiingereza kilipoyapokea, mengi kwa kupitia Kifaransa, yakawa "portable", "habitable", "audible", "legible". Kwa hiyo hiyo a na hiyo i zinazojaza daftari lako ni irabu za vitenzi ambavyo Kiingereza chenyewe hakivitumii. Mwingereza naye amebaki mgeni mbele ya neno lake, ndiyo maana naye anakosea kama wewe.

Ukishaliona hilo unapata kipimo. Tafuta ndugu wa neno mwenye mkia wa "-ation". Ile a ya "-ation" na ile a ya "-able" ni a moja. "Habitation" yupo, basi ni "habitable". "Irritation" yupo, basi ni "irritable". "Application" yupo, basi ni "applicable". Lakini kama ndugu ana "-ion" isiyo na a mbele yake, elekea kwenye i: "vision" na "visible", "division" na "divisible", "permission" na "permissible". Usikigeuze kipimo hiki kuwa sheria ya serikali, kwa sababu "sensible" ana ndugu anayeitwa "sensation" na bado yuko upande wa i. Ila kitakuvusha mara nyingi kuliko safu zako.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. "-able" iko hai, "-ible" imelala. Waingereza walipoona mkia huu waliufananisha na neno lao "able", anayeweza. Kwa asili ni maneno mawili tofauti: "able" limetoka kwa habilis, nalo limetoka kwa habere, kuwa na kitu, kukishika. Lakini kufanana huko kuliwapa ujasiri wa kuupachika mkia kwenye kitenzi chochote, hata kile ambacho Mrumi hakukijua. "Drinkable", "washable", "unbreakable", yote ni mashina ya asili ya Kiingereza chenyewe yaliyovishwa mkia wa Kirumi. "-ible" haikupata bahati hiyo. Neno jipya likizaliwa leo linachukua "-able".

Ndiyo sababu unakuta mapacha. "Edible" limekuja na Kilatini chake, kutoka edere, kula. "Eatable" limeundwa na Waingereza wenyewe kwa "eat" yao. Mapacha wa aina hii hawakai muda mrefu na maana moja. Tazama "legible" na "readable". La kwanza ni mwandiko ambao herufi zake zinatambulika. La pili mara nyingi ni kitabu kinachokushika mpaka ukimalize. Sisi tuna "unasomeka" na "kinasomeka", neno moja linabeba yote mawili, na msikilizaji anajua kwa kutazama kama tunazungumzia mwandiko au kitabu. Ukiwa unapitia tafsiri, hapo simama, maana mfasiri akiandika "legible" kwa kitabu kitamu amemvunjia mwandishi heshima bila kujua.

Sasa "dependant" wako. "-ant" na "-ent" zote ni sawa na "-ye" yetu ya anayetenda. Hapa tena Mrumi aligawa kwa makundi: vitenzi vya a vilitoa "-ans", vikinyambuliwa "-antem", vingine vilitoa "-ens", "-entem". Agens ni atendaye, ndiye "agent" na ndiye ajenti wetu. Studens ni ajibidiishaye, ndiye "student". Kama hadithi ingeishia Roma, ungekuwa na kipimo safi kama kile cha "-able".

Lakini Kifaransa kiliingia katikati. Wafaransa wa kale walichoka na mgawanyo huo, wakakifanya kila kitenzi kitumie "-ant", hata vile vilivyostahili "-ent". Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakaleta lugha yao kwenye mahakama, jeshi na nyumba za wakubwa. Maneno yakaingia na "-ant" ya Kifaransa. Karne kadhaa baadaye wasomi waliokuwa wakisoma Kilatini moja kwa moja walianza kurudisha "-ent" pale walipoona Mrumi angeiandika. Walirudisha kwingine, kwingine hawakugusa. "Dependant" aliyebaki kuwa mtu ni yule wa njia ya Kifaransa. "Dependent" aliye sifa ni yule aliyerudishwa Roma. Mhariri wako alikuwa analinda mpaka huo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye mdomo wako wa Kiswahili. Luteni wa jeshi ni "lieutenant": "lieu" ni mahali, "tenant" ni anayeshika. Ni anayeshika nafasi ya mkubwa wake. Kitenzi ni tenere, na Mrumi angesema tenens, siyo tenant. Na kweli hospitalini daktari anayeshika nafasi ya mwenzake kwa muda huitwa "locum tenens", Kilatini kitupu, kimekuja bila kupita Ufaransa. Luteni na yule daktari wana jina moja. Mmoja alipita njia ya Ufaransa akaokota a, mwingine alikuja moja kwa moja na e yake.

Mama Prufu

Shikamoo mzee. Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni, nikarudi mezani kusoma tena na kalamu mkononi.

Hilo la someka na vunjika limenigusa. Nimeandika Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kuona kwamba nina safu mbili kichwani ambazo hakuna aliyenifundisha.

Nimekipima kipimo chako kwenye daftari langu. "Indispensable" ilikuwa inanisumbua tangu mwaka juzi. Nikatafuta ndugu, nikampata "dispensation", imekaa. "Admissible" ana "admission", imekaa. Nikakwama kwenye "predictable". Ana "prediction" isiyo na a mbele yake, kwa hiyo ingekuwa i. Nimekosea wapi?

Halafu kuna kanuni nilifundishwa na mtu wa ofisi moja niliyofanyia kazi: ukiondoa mkia na neno zima likabaki, andika "-able", likibaki pande la neno, andika "-ible". Nimeitumia miaka mingi. Je, ni ya kweli?

Mzee wa Kamusi

Marahaba mama. Hukukosea. "Predictable" haikutoka Roma ikiwa nzima. Waingereza walikuwa tayari na "predict", wakaongeza mkia ulio hai. Neno likiundwa nyumbani linachukua a, hata kama ukoo wake wote una i.

Kanuni uliyofundishwa inatokana na jambo hilohilo, ndiyo maana inafanya kazi mara nyingi. Neno zima likibaki, huenda Waingereza ndio waliolipachika mkia: "wash", "drink", "predict". Pande likibaki, kama "aud-", "leg-" au "ed-", huo ni mzizi wa Kilatini ulioingia na mkia wake. Ila "access" ni neno zima na ni "accessible", kwa sababu Warumi walikuwa na accessibilis tayari. Na "prob-" wa "probable" ni pande, lakini probare ni kitenzi cha a. Itumie kanuni hiyo kama fimbo ya kupapasia. Ukishika ndugu wa "-ation", amini ndugu.

Darubini

Naomba kuchangia kutoka upande wa maabara, maana huku mikia ya Kilatini ndiyo chakula chetu cha kila siku.

Mkia nilioupenda tangu nilipouelewa ni "-cule" na ndugu zake "-cle" na "-ule". Ni udogo, kama "ki-" yetu katika kitoto au kilima, isipokuwa sisi tunaudogosha mwanzoni mwa neno na Mrumi alidogosha mwishoni. Moles ni tungamo, kitu kizito. "Molecule", ambayo sisi tunaiita molekuli, ni kitungamo. Capsa ni kasha, "capsule" ni kikasha. "Muscle" ndiyo iliyonishangaza: mus ni panya, musculus ni kipanya. Kunja mkono wako sasa hivi uangalie msuli wa juu unavyotembea chini ya ngozi, utamwona huyo panya. Tangu siku ile sijawahi kusahau tahajia yake, ile c isiyotamkwa iko pale kwa sababu ni ya "-culus".

Na mkia unaweza kupewa kazi mpya kabisa. "-ous" kwa Mrumi ilikuwa "-osus", kilichojaa kitu: famosus ni mwenye kujaa sifa, ndiye "famous". Wanakemia wakauchukua, wakaukalisha pamoja na "-ic" kuonyesha kiwango. "Ferrous" ni chuma kilichopoteza elektroni mbili, "ferric" ni chuma kilichopoteza tatu. Msoma prufu akibadilisha hiyo herufi mbili au tatu kwenye kitabu cha kemia, amebadilisha kitu chenyewe. Mama Prufu, hapo tafadhali uwe mkali.

Nukta na Mkato

Nilidhani nimemaliza lakini mjadala umenirudisha. Mzee, na "-al" na "-ar" je? "Plural" lakini "singular". Yako kwenye sentensi moja katika kila kitabu cha sarufi na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini hayafanani.

Mzee wa Kamusi

Swali zuri sana hilo, na jibu lake ni la sikio kabisa.

Kiambishi ni kimoja, "-alis", cha kusema "kinachohusu kitu fulani". Mortalis, kinachohusu kifo. Navalis, kinachohusu merikebu. Lakini shina likiwa na l ndani yake, Mrumi hakupenda l mbili zikaribiane, akaigeuza ya pili kuwa r. Sol ni jua: solaris. Luna ni mwezi: lunaris. Populus ni watu: popularis. Singuli ni mmoja mmoja: singularis. Sasa tazama plus, ambayo shina lake ni plur-. Lina l kule mwanzoni, lakini linaishia na r. Angeweka "-aris" angepata r mbili zinazofuatana, jambo alilolikwepa vilevile, kwa hiyo likabaki pluralis. Lisome kwa sauti, pluraris, kisha pluralis, ulimi wako utakuambia.

Sisi nasi tunaukwepa uzito wa namna hiyo. Ulimi mmoja, ndimi nyingi: l ikikutana na n inageuka d. Mtu mrefu, nyumba ndefu.

Darubini

Lakini mzee, "legal" na "local" zote zina l kwenye shina, na zimebaki na "-al".

Mzee wa Kamusi

Kweli, Mrumi alisema legalis na localis. Mageuzi hayo hayakufika kila mahali. Nilisema kwa haraka "shina likiwa na l". Ningesema kwamba l ikiwa ndiyo sauti ya mwisho ya shina, kama sol- na popul-, utaona r karibu kila mara, na ikiwa mbali zaidi usihakikishe bila kufungua kamusi. Asante kwa kunirekebisha.

Mama Prufu

Wazee wangu, nimelifungua daftari upya. Safu nne nimezifuta. Sasa kila neno lina mstari wake, mbele yake kitenzi cha Kilatini na ndugu zake.

Nimefika kwenye moja ambalo limenifanya nirudi hapa saa hizi za usiku. "Resistance" ina a. "Irresistible" ina i. Ni kitenzi kimoja! Na jirani yake "existence" ina e. Nimeandika zote tatu kwenye mstari mmoja na sijui nianze wapi.

Mzee wa Kamusi

Mama, umeyaweka mahali pake hasa. Kitenzi ni sistere, kusimama au kusimamisha, na si cha kundi la a. Kwa hiyo i ya "irresistible" ndiyo aliyoitarajia Mrumi, na e ya "existence" pia, existentia. Aliyepita njia ya luteni ni "resistance" peke yake, ni Kifaransa kitupu, na waliorudisha mikia ya Roma hawakumgusa.

Andika hivyohivyo kwenye mstari wako: wawili wa Roma, mmoja wa Ufaransa.

Mama Prufu

Nimeandika. Na fomu ya bima imerudi leo asubuhi kwa prufu ya mwisho. Ukurasa wa 9 palikuwa na "dependents" mmoja aliyetupita sote wawili, mimi na mhariri. Nimeweka a, na pembeni nimeandika: "Nomino."